Bado Nini?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la karakana limeanza kuvuja hapo hapo. Tumeweka ndoo mbili, moja karibu na meza yangu na nyingine juu ya kabati la nyaya. Mwenzangu Kasuku anasema mlio wa matone unamtuliza. Mimi unanikera, lakini karibu kila kinachompendeza Kasuku kinanikera, kwa hiyo huo si ushahidi.

Naandika kwa sababu msimu huu nataka kukumbuka nani alisema nini. Tuko wawili, tunatengeneza roboti moja, na hatuelewani. Yeye ameshughulikia sehemu tunayoiita Mdomo. Ni modeli ya lugha iliyosoma maandishi mengi kuliko binadamu yeyote, na inaweza kuzungumza na mtu yeyote juu ya jambo lolote, kweli na uongo kwa sauti ileile ya upole. Mimi nimetengeneza Kichwa, yaani kanuni za mantiki: kama hivi, basi vile. Kichwa hakiongei, ila hakidanganyi. Mdomo unamsikiliza mgonjwa na kuyageuza maneno yake kuwa kauli fupi. Kichwa kinazipima kauli hizo na kuamua mkono wa roboti uende wapi. Mdomo ukiachwa peke yake utamruhusu mtu aliyevunjika nyonga akacheze dansi. Kichwa kikiachwa peke yake kitasimama pale siku nzima kama kabati.

"Nipe ndiyo au nipe hapana," nimemwambia Kasuku leo. "Sitaki hadithi."

"Watu hawaongei hivyo, Hakimu." Hilo ndilo jina alilonipa.

"Basi wageuze wewe. Ndiyo kazi yako."

Akafanya kama nilivyosema, huku akipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Roboti imeingia wodini. Ni wodi ya mazoezi, wanakolazwa waliopata kiharusi au waliovunjika, wajifunze upya kusimama na kutembea. Mtaalamu wa mazoezi ni mmoja tu. Wanamwita Mnyooshaji, na hawezi kufika kila kitanda kila siku. Kwa hiyo kazi ya roboti ni kupita asubuhi, kumuuliza kila mtu kama anaweza kusimama, kumshika anayeweza, na kumwita Mnyooshaji pale anapohitajika.

Ilifika mlangoni, ikapiga hodi, ikasimama. Haiingii mpaka iambiwe karibu, nimeiwekea kanuni hiyo. Wagonjwa nao walikuwa wanaitazama tu, hakuna aliyesema karibu. Mwishowe shangazi yangu akasema kutoka kitanda cha dirishani, "Mkaribisheni huyo, mkwe wa watu." Wodi nzima ikacheka, na jina likaganda. Sasa hata daktari anamwita Mkwe.

Shangazi yupo pale tangu Januari. Ni dada ya baba, na ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake na ulimi wake mkali. Kiharusi kilimpata akiwa anapinda pazia, kikachukua mguu na mkono wa kulia. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Asiposimama hawezi kurudi nyumbani. Nimeandika sentensi hiyo mara moja na sitaki kuiandika tena.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi wa asubuhi alimwambia Mkwe, "Nakuja," akatoka zake. Mkwe akakwama katikati ya mlango na toroli la chai. Mdomo umesikia kwamba muuguzi anakuja. Macho ya Mkwe yameona kwamba anaondoka. Kichwa changu kikasema mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, kikasimamisha kila kitu. Chai ikapoa, watu wakapiga kelele, na Kasuku akacheka mpaka akakaa chini.

Nimerekebisha. Anayesema "nakuja" huku ametupa mgongo, anaondoka na atarudi. Kasuku akauliza kama kanuni inasema atarudi lini.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Redio, jirani yake Shangazi kitandani, ambaye redio yake ndogo haizimwi, leo alimuuliza Mkwe, "Baba, umeoa?"

"Hapana," akasema Mkwe.

Wakaangua kicheko. Shangazi akatikisa kichwa. "Hapana ya nini? Mtu akiulizwa ameoa hajibu hapana, kama ameudhiwa. Anajibu bado." Kisha akanigeukia. "Umemfundisha heshima, hukumfundisha kuongea."

Nikamwambia kuongea ni idara ya Kasuku.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ndoo ya tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari wa wodi alituita. Ni mama mtaratibu, anayevua miwani anapotaka kusema jambo zito. Akaivua. Wodi imejaa, na kuna watu wanangoja nyumbani. Mvua zikiisha atapitia vitanda vyote. Wanaofanya mazoezi wataendelea. Wasiofanya watahamishiwa nyumba ya wagonjwa wa kudumu, ng'ambo ya mto, ambako mtu hulishwa, huogeshwa na kugeuzwa, basi.

"Shangazi yako bado hajaanza," akaniambia polepole. "Muuguzi anasema kila siku anaonekana kwenye skrini ya Mkwe kama amekataa."

Kanuni ya kukataa niliiandika mwenyewe na naipenda kuliko zote. Mgonjwa akisema hapana siku tatu mfululizo, Mkwe amheshimu, asimsumbue tena mpaka daktari aagize. Nimeona wagonjwa wakivutwa kama magunia kwa ajili ya faida yao wenyewe. Sikutaka mashine yangu ifanye hivyo. Lakini sikufikiri kwamba wa kwanza kukataa angekuwa Shangazi.

Jumatano, 2 Aprili

Barabara ya chini imejaa maji, hakuna gari linalopita kwenda hospitali. Nina zaidi ya wiki sijaenda. Nimempigia simu.

"Shangazi, kwa nini hutaki mazoezi?"

Nyuma yake nilisikia redio ikitangaza sabuni.

"Huyo mkwe wenu ameninunia," akasema. "Ananiamkia tu, shikamoo mama, anapita."

"Anapita kwa sababu umekataa."

"Haya," akasema. "Kama mmeshaamua."

"Nani ameamua? Wewe ndiye unayeamua. Unataka upelekwe ng'ambo?"

Akakata simu. Nimekasirika na bado nimekasirika. Mwanamke aliyenichapa kwa kusema siwezi kuhusu hesabu ya kugawanya, leo amelala amegeukia ukuta. Nimelia kidogo hapa karakanani. Kasuku alinisogezea kikombe cha chai bila kusema chochote, jambo ambalo sikujua analiweza.

Jumatano, 9 Aprili

Maji yanapungua. Kesho naenda.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefika wodini viatu mkononi, matope mpaka magotini, mapema kabla ya mzunguko. Nilikaa nyuma ya pazia la Mama Redio ili Shangazi asinione.

Mkwe alipiga hodi, akakaribishwa, akaanza. Kitanda cha kwanza, unaweza kusimama leo? Ndiyo. Akamshika mgonjwa kwapani, taratibu, vizuri kabisa. Kitanda cha pili, hivyo hivyo. Alipofika dirishani akasema, "Shikamoo, mama." Shangazi akasema marahaba, na akainuka kidogo kwa kiwiko kizima, kama mtu anayengoja kuulizwa. Mkwe akapita. Shangazi akajilaza tena, akavuta shuka.

Mama Redio akaninong'oneza, "Kila siku hivyo. Anainuka, anarukwa."

Nikatoka kwenye pazia. Sikusalimia hata. "Shangazi, si ulimwambia hutaki?"

"Nani? Mimi?" Alipoyaona matope yangu akasahau kununa. "Mimi nimekataa lini? Aliniuliza unaweza kusimama, nikamwambia bado. Kesho yake akauliza, nikamwambia bado. Siku ya tatu nikamwambia bado. Ya nne hakuuliza. Nikasema haya, hata mashine imeniona sifai. Na wewe ukaja kwenye simu na maneno yaleyale. Nikasema mtoto naye amekata tamaa, nimlaumu nini."

Nikakaa kitandani kwake na matope yangu. Muuguzi alinitazama vibaya, nikamwacha anitazame.

Bado. Alisema bado.

Nilirudi karakanani nikiwa tayari kumrarua Kasuku. Alikuwa juu ya ngazi anaziba paa na kipande cha turubai.

"Bado umeigeuza kuwa nini?" nikamuuliza.

"Bado ipi?"

"Neno. Bado. Mgonjwa akisema bado, Mdomo unapeleka nini kwa Kichwa?"

Akashuka. Alikuwa amelowa. Alifungua mashine yake, akatafuta, na nikaona uso wake ukibadilika kabla hajasema. "Hapana," akasema.

"Umeandika hapana."

"Niliandika hapana kwa sababu ulisema unataka ndiyo au hapana. Kichwa chako kina masikio mawili tu, Hakimu. Mdomo ulisikia bado, vizuri kabisa. Haukuwa na mahali pa kuiweka."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilisema watu hawaongei hivyo. Ukasema niwageuze."

Tukatupiana maneno mpaka mvua ikarudi. Yeye akasema Kichwa ni kiburi kitupu. Nikasema Mdomo ni mlevi wa sokoni. Akasema mlevi alau anasikia. Alikuwa amesema kweli. Shangazi alikuwa amezungumza wazi kabisa, na mimi ndiye niliyemjengea mtu wa kumsikiliza nikamnyima sikio la tatu. Nikamwambia hivyo. Akasema na yeye angeweza kugoma kuandika lile neno, ila alikuwa na njaa siku ile na alitaka kumaliza.

Kisha tukala mkate, tukaanza kazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Neno hili lina ujanja. Nimelizungusha mchana kutwa. Hapana inafunga jambo. Ndiyo inalikamilisha. Bado inasema jambo halijawa, na inasema pia kwamba linatazamiwa. Mtu haulizwi "umekufa?" akajibu hapana bila kuonekana kama anajigamba. Atasema bado, akacheka. Nimeipa nafasi yake kwenye mantiki, si ndogo chini ya hapana, bali nafasi kamili yenye kanuni zake. Bado haihesabiwi kama kukataa. Bado inaulizwa tena kesho.

Lakini nilihisi kuna kitu kinapungua. Kuuliza tena na tena bila kubadilisha chochote ni usumbufu tu, ila kwa adabu.

Jioni nikamuuliza Kasuku kama amemaliza upande wake.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" nikasema, kwa mazoea tu, bila kuinua kichwa.

"Bado kujaribu sauti."

Halafu nikainua kichwa. Akaweka kikombe chini. Ni swali ambalo kila mtu huliuliza, jikoni, kwa fundi, kwenye foleni. Bado nini? Kwa sababu anayesema bado anajua kilichobaki. Hatukuwahi kumpa Mkwe swali hilo.

"Andika," nikamwambia Kasuku.

"Nimeshaanza," akasema.

Jumanne, 15 Aprili

Mkwe amepiga hodi. Amefika dirishani. Nilikuwa nimesimama pale, siwezi kujificha tena, na Kasuku pembeni yangu anauma kucha, daktari miguuni mwa kitanda.

"Shikamoo, mama. Unaweza kusimama leo?"

Shangazi akainuka kwa kiwiko. "Umerudi? Bado."

"Bado nini, mama?"

Nadhani hakutegemea kuulizwa. Alinitazama mimi, akamtazama Mkwe, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja muda mrefu, "Bado viatu."

Daktari akavua miwani. "Viatu?"

"Sakafu yenu inapigwa deki asubuhi na mapema, inateleza. Na mimi nimepewa ndara za kuogea. Mguu mmoja mzima, mmoja mgonjwa, juu ya ndara, juu ya maji. Mnataka nivunjike na ule mzima?"

"Mbona hukusema, Shangazi?" nikauliza.

"Nani aliniuliza?"

Kasuku alishatoka. Alienda mpaka sokoni kwenye mvua ileile, akarudi na viatu vya mpira vyenye nyayo za kushika. Namba haikuwa sawa kwa mguu uliovimba. Akarudi tena kubadilisha. Nimemfahamu mtu huyu muda mrefu na nilidhani ni maneno matupu.

Jumanne, 22 Aprili

Tatizo jipya. Mama Redio naye anaulizwa, "Bado nini?" na anajibu, "Bado tu." Kesho yake Mkwe anamwuliza tena, "Bado tu." Leo amenivuta mkono. "Mwanangu, mwambieni huyu baba aniache. Goti linaniuma, naona haya kumwambia hapana, maana ana adabu sana."

Kwa hiyo kuna bado yenye kitu mbele yake, na kuna bado tu, ambayo ni hapana iliyovaa vizuri. Nimeongeza kanuni: bado tu ikirudiwa, mwache mgonjwa apumzike na umwambie muuguzi akamtazame. Muuguzi akatazama, goti limejaa maji. Amepewa dawa.

Kasuku anasema mwisho wa msimu nitakuwa nimeandika kanuni ya kila neno. Nikamwambia nusu ya maneno hayo ni yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Shangazi ana viatu vyake karibu wiki mbili sasa. Amevivaa kila siku, amekaa navyo ukingoni mwa kitanda, hajasimama. Juzi nilimwona daktari anaongea na watu wa ng'ambo ya mto. Mvua zimeanza kupungua. Sijawahi kuombea mvua iendelee.

Leo sikuwa wodini. Nilikuwa karakanani na skrini inayoonyesha jinsi Mdomo na Kichwa vinavyoshauriana. Nikamsikia Mkwe akiuliza, na Shangazi akijibu bado.

"Bado nini, mama?"

"Bado moyo," akasema Shangazi. "Naogopa."

Kichwa hakijui moyo, ila ule wa kupimwa. Nikaona Mdomo ukileta jibu la kwanza: Usiogope, utasimama leo bila shaka. Kichwa kikalikataa, kwa kuwa halijathibitika. Mdomo ukaleta la pili: Daktari anasema uko tayari. Kikalikataa. Daktari hakusema. Zamani ningefurahia hapo tu, kwamba uongo umezuiwa. Lakini mgonjwa alikuwa anangoja, na ukimya nao si jibu. Nikajikuta naushika ukingo wa meza na kuuambia Mdomo wa Kasuku, kwa sauti, "Tafuta. Tafuta lingine."

Ukatafuta. La tatu Kichwa kikalipima kipande kwa kipande, kikaliachia.

"Moyo sina wa kukupa, mama," akasema Mkwe. "Mkono ninao. Umebeba wazito kuliko wewe na haujawahi kumwangusha mtu."

Kila neno ni kweli. Mkono tuliujaribu na mifuko ya saruji, kisha na Kasuku.

Nikamsikia Shangazi akicheka, kicheko chake cha zamani cha puani. "Haya, lete huo mkono, mkwe." Kisha kelele za wodi, Mnyooshaji akikimbia, na Mama Redio akipaza sauti, "Amesimama. Jamani amesimama." Alisimama tangu tangazo la sabuni lilipoanza mpaka lilipokwisha, na redio ile matangazo yake ni marefu.

Kasuku alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. Nilimkumbatia. Tukapiga ndoo teke, maji yakamwagika yote, na hatukuyafuta mpaka jioni.

Jumanne, 6 Mei

Ametembea kutoka kitandani hadi dirishani. Anasema dirisha lina vumbi.

Ijumaa, 16 Mei

Jua tangu asubuhi. Daktari amepitia vitanda, na kwa Shangazi hakuvua miwani. "Mama, nyumbani," akasema. Ngazi amezijaribu na Mnyooshaji wiki nzima. Anapanda akitukana kila ngazi kwa jina lake.

Wodi ilikusanyika kumuaga. Mkwe alisimama karibu naye mpaka mlangoni, mkono wazi bila kumgusa, kama anavyotakiwa. Shangazi akageuka, ameegemea fimbo.

"Haya, baba. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Umeoa?"

"Bado," akasema Mkwe.

Walicheka mpaka Mama Redio akapunguza redio. Mimi nikamtazama Kasuku, naye akanitazama. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye nilifuatilia hoja yake hatua kwa hatua. Hajaoa, na hakuna kanuni inayosema kwamba haiwezekani, kwa hiyo mantiki haikuwa na ruhusa ya kusema hapana. Ningeweza kuongeza kanuni hiyo kwa mstari mmoja. Nimeliacha jibu lake kama lilivyo.

"Na wewe, Hakimu?" Shangazi akaniuliza mbele ya watu wote. "Utaolewa lini?"

"Bado, Shangazi."

Kasuku, ambaye alikuwa amebeba mizigo yote, akasema, "Bado nini?"

Swali hilo sijalijibu. Naona analingoja jibu bila haraka.

Jumapili, 25 Mei

Karakana imekauka. Ndoo tumezirudisha stoo.

Shangazi amekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi. Anajaribu kuingiza uzi kwenye tundu la sindano kwa mkono wa kulia. Vidole vinatetemeka, uzi unapita kando. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi. Nikaenda kupika. Nimerudi na kumuuliza kama ameweza.

"Bado," amesema bila kuinua macho, akalamba uzi tena.